Si Meno: Kuharisha kwa Watoto Wetu Kunatoka Wapi na Kunaua Vipi

Masika ya mwaka juzi nilikuwa Pemba kwa ajili ya harusi, nimelala kwa shangazi Chake Chake, saa tano za usiku mdogo wangu akanipigia simu kutoka Wete, mtoto wake wa miezi tisa anaharisha tangu jana yake asubuhi na sasa kaanza kutapika, na kabla sijauliza chochote akanambia mwenyewe, "Lakini dada, mama kasema ni meno, ya juu yanatoka." Nikamuuliza anakunywa? Akasema mama kakataza asipewe maji mengi manake akinywa tu ndo yanazidi kumtoka. Nikamwambia mpe titi usiku kucha, kila akitaka. Alfajiri nikapanda gari ya kwanza. Nilipomuona yule mtoto miguu iliniisha nguvu, utosi umezama mpaka unaona shimo, macho yameingia ndani, analia lakini machozi hayatoki.

Mama yetu si mtu mjinga, kalea watoto saba na wajukuu sijui wangapi, na hili la meno kalipokea kwa mama yake naye kwa mama yake. Ndo maana nataka kulieleza taratibu, bila kumdharau mtu, kwa sababu ukitazama vizuri utaona wazee walikuwa wanaona kitu cha kweli ila sababu ndo ilikuwa pengine.

Walichokiona ni hichi: mtoto anakuwa mzima mpaka miezi sita hivi, afu likianza kuchomoza jino tu na tumbo linaanza kuendesha. Kweli kabisa. Lakini fikiria mambo gani mengine yanaanza miezi hiyo hiyo. Mtoto anaanza kula, yani kwa mara ya kwanza chakula kilichopita mikononi mwa watu na kwenye vyombo kinaingia tumboni mwake. Anaanza kukaa na kutambaa, anashika sakafu, anashika kandambili, anashika mavi ya kuku, na kila anachokishika kinakwenda mdomoni, na fizi zikimuwasha ndo anatafuna zaidi. Na ile kinga aliyopewa na mama yake tangu tumboni nayo inakuwa imeshapungua wakati yake mwenyewe bado changa. Mambo yote hayo yanakutana mwezi mmoja na jino, na jino ndo linaloonekana, basi linabeba lawama peke yake. Jino linaweza kumtoa mtoto mate na kumkosesha usingizi, lakini choo cha maji mara sita kwa siku si kazi ya jino.

Sasa kuharisha ni nini. Madaktari wanahesabu choo laini au cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au zaidi ya kawaida ya mtoto huyo, manake kuna mtoto wa titi tupu anakwenda mara tano choo laini cha manjano na ni mzima wa afya, huyo haharishi. Na kuharisha kwenyewe si maradhi mamoja. Kuna kule kwa maji matupu kunakoanza ghafla, mara nyingi ni virusi na hasa virusi vya rota, au bakteria aina ya ikolai, na kipindupindu kimo humo humo. Kuna kuharisha damu, hapo mara nyingi ni bakteria aitwaye shigela kauchubua utumbo, na huyu haitoshi kumnywesha tu, anataka daktari. Na kuna kule kunakovuka siku 14, kunakomla mtoto nyama kidogo kidogo mpaka shati linamning'inia. Kila kimoja kina mambo yake, kwaio mtu akikwambia "mie wangu nilimpa dawa fulani akapona" jua huenda wake alikuwa na kitu kingine kabisa, na pengine angepona hata bila hiyo dawa.

Duniani kila mwaka kuharisha kunaondoka na watoto zaidi ya laki 4 walio chini ya miaka 5. Na wengi katika hao hawauliwi na kidudu chenyewe, wanauliwa na maji yaliyowatoka.

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndo roho ya mambo yote. Mtoto mdogo karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Chukua mtoto wa kilo 8. Akipoteza maji asilimia 5 ya uzito wake, yani gramu 400, hata chupa ndogo ya nusu lita haijai, tayari macho yanaanza kuzama na anakuwa na kiu ya kuhangaika. Akifika asilimia 10, mililita 800, hiyo ni hatari ya kufa, damu inakuwa nzito, mikono baridi, anasinzia hashtuki. Mtu mzima akipoteza mililita 800 atalalamika kizunguzungu akae kivulini. Mtoto huyu anaweza kuzipoteza kati ya asubuhi na magharibi, na ukimnyima maji kwa kuogopa kumzidishia ndo unaifupisha safari. Maji hayazidishi kuharisha. Utumbo ulioshikwa utatoa maji hata kama hukumpa kitu, utayatoa kwenye mwili wake.

Lakini maji matupu nayo hayatoshi, na hapa ndo ilipo ajabu ya ORS, kile kipakiti cha chumvi na sukari cha kuchanganya na maji, ambacho watu wanakidharau kwa kuwa ni rahisi. Ukuta wa utumbo una vijilango ambavyo vinaingiza chumvi na sukari kwa pamoja, moja ikikosekana mlango haufunguki vizuri, na zikiingia zote mbili zinayavuta maji yanazifuata nyuma. Jambo zuri ni kwamba hata mtoto akiwa anaharisha vibaya vijilango vile mara nyingi bado vinafanya kazi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari mmoja wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon kipindupindu kimeshika, dripu zikamwishia, akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa akawaachia ndugu wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Vifo ambavyo vilikuwa karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 vikashuka mpaka chini ya 4. Si mashine wala si daktari bingwa, ni mama na kikombe.

Pale kituo cha afya nesi alimpima mtoto wa mdogo wangu, kilo nane, akatupigia hesabu mbele yetu: mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa nne, kwaio mililita 600. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ina maana vijiko 120 kwa dakika 240, kijiko kimoja kila dakika mbili. Tulikaa kwenye benchi na mdogo wangu tunapokezana, mmoja ananywesha mwengine anatazama saa ya simu. Kijiko cha saba akatapika, mama akasema "si mnaona." Nesi akasema subirini dakika kumi kisha anzeni tena polepole zaidi. Tukaanza tena. Kutapika si sababu ya kuacha, unakuwa umemwaga kidogo tu na kilichobaki kinaingia. Kwenye saa ya tatu alikojoa, mkojo kidogo wa rangi ya chai ya rangi, na mama ndo aliyeuona mwanzo akasema alhamdulillah kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Kuhusu pakiti, usome nyuma kabla ya kuchanganya manake ziko za lita moja na ziko za nusu lita, na ukiweka maji kidogo kuliko inavyotakiwa chumvi inakuwa kali, inamuumiza. Yakishachanganywa ni ya siku moja tu, kesho yanamwagwa. Nyumbani, akiwa bado ana nguvu, kila akienda choo mtoto wa chini ya miaka 2 anapewa mililita 50 mpaka 100, na mkubwa zaidi 100 mpaka 200. Pakiti ikikosekana kabisa ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kukatwa juu visijae kilima, kwenye lita moja ya maji safi. Watu wengi wanauliza dafu. Dafu ni bora kuliko kukaa bila kitu, lakini lina chumvi kidogo sana ya aina anayoipoteza mtoto, kwaio lisichukue nafasi ya ORS. Soda na juisi za paketi hapana, sukari yake nyingi inayavuta maji kuyarudisha utumboni na mtoto anaharisha zaidi.

Pamoja na ORS kuna zinki, na hapa kuna hadithi ya kwetu. Zinki inapewa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi. Inafupisha kuharisha na inasaidia kusirudi haraka. Wengi wanaacha njiani kwa kuwa mtoto keshapona. Sasa Pemba, pale Wawi, iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, na watoto wa Pemba kwa maelfu waliingia kwenye utafiti ambao majibu yake yalisomwa na dunia nzima. Mwaka 2006 ilichapishwa kwamba watoto wadogo waliopewa madini ya chuma kila siku, kwenye sehemu yenye malaria nyingi kama ilivyokuwa Pemba wakati ule, walilazwa na kufa zaidi kuliko ambao hawakupewa. Mwaka uliofuata ikachapishwa ya zinki, kwamba kumpa kila mtoto zinki kila siku akiwa mzima hakukuleta tofauti ya wazi ya vifo kwa jumla. Kwaio zinki ni tiba ya anayeharisha, si kitu cha kumpa kila siku kwa kukisia. Na hilo la chuma nalisema kwa sababu nawaona watu mtoto akikonda baada ya kuharisha wanakimbilia dukani kununua dawa ya maji ya "kuongeza damu". Mpime kwanza damu jamani.

Tuje sasa kwenye inakotoka. Kidudu kinatoka kwenye kinyesi cha mtu au mnyama kinaingia mdomoni mwa mtoto, hakuna njia nyengine ya ajabu, ila njia za kufikia hapo ni nyingi mno na ukiziba moja zinabaki tano.

Njia ya kwanza inafunguliwa na sisi wenyewe mapema sana, tunapompa mtoto maji kabla ya miezi 6. "Joto hili, mtoto ana kiu." Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, anapokunywa anakata kiu yake hapo hapo, na yana kinga ambayo maji hayana, na ile dang'a ya siku za mwanzo ambayo wengine wanaikamua wakaimwaga kwa kuwa ni ya njano ndo yenye kinga nyingi kuliko yote. Kuna na hili la kubemenda, mtoto akiharisha na kudhoofu watu wananong'ona kwamba wazazi wamekutana kabla ya wakati, na mama kwa aibu anamwachisha titi. Hilo linaniumiza sana kwa sababu mtoto ananyang'anywa dawa yake siku anayoihitaji zaidi na mama anabeba dhambi ambayo hakuifanya. Anayeharisha ananyonyeshwa zaidi. Na akinywa maziwa ya kopo basi kwa kikombe na kijiko, ile chuchu ya chupa ina kona ambazo hata ukisugua vipi hazitakati.

Ya pili ni chakula, na watu hawaifikirii kwa sababu wote wanatazama maji tu. Uji wa mchele umepikwa saa moja asubuhi, mtoto kala nusu, uliobaki umefunikwa na kisahani vizuri kabisa, mchana anamaliziwa. Kwa joto letu saa hizo nne au tano bakteria mmoja anakuwa maelfu kwa maelfu, na kile kijiko kilichotoka mdomoni kikarudi bakulini ndo kilichopanda mbegu. Cha nazi kinachacha haraka zaidi lakini angalau kinatoa harufu, uji mwingi hautoi harufu yoyote. Pika kidogo, cha zaidi ya saa mbili kisirudi kwa mtoto bila kuchemka upya mpaka kitokote.

Maji yenyewe, Unguja sehemu kubwa tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, umejaa matundu na nyufa, mvua ikinyesha maji yanashuka chini haraka bila kuchujwa na udongo. Shimo la choo likichimbwa jirani na kisima mule mule ndani ya uzio, basi vinazungumza chini kwa chini. Masika visima vinajaa na watu wanafurahi, na ndo miezi ambayo maji yanaweza kuwa machafu kuliko yote. Bomba nalo likiwa linatoka kwa zamu, saa zile maji hayapo presha inashuka na penye ufa pananyonya uchafu wa nje. Afu yakishaingia ndani kuna ndoo. Nenda katazame ndoo ya kunywea ya nyumbani kwako: kopo liko wapi? Likiwa juu ya mfuniko na mpini wake mfupi, kila anayechota anaosha vidole vyake humo, na maji yaliyochemshwa vizuri kwa kuni za pesa yanarudi pale pale. Chombo chenye bomba la kufungulia chini, au kata ya mpini mrefu inayoning'inizwa, ni kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa. Dawa ya klorini inaua vidudu vingi, ila kuna mdudu anaitwa kriptosporidiamu anayeivumilia, huyo anakufa kwa kuchemsha.

Na kinyesi cha mtoto. Tunasema hakina uchafu kwa kuwa ananyonya, winda tunalisuuzia uani maji yanatiririka pale kuku wanapopekua, pampasi inatupwa jaani mbwa anaichana. Cha mtoto kina vidudu sawa na cha mtu mzima, na mara nyingi zaidi kwa kuwa yeye ndo anayeumwa mara kwa mara. Kiende chooni, na mikono kwa sabuni baada ya hapo.

Nikifika hapa huwa naogopa mtu asinielewe kwamba mama ndo mwenye makosa. Mdogo wangu alilia kwa sababu jirani mmoja alimwambia "mtoto akiharisha ujue nyumba chafu." Si kweli. Kulikuwa na tafiti kubwa Kenya na Bangladesh zilizochapishwa 2018, na nyengine Zimbabwe 2019, familia zilipewa dawa ya maji, sabuni, vyoo vilivyoboreshwa, wakafuatwa nyumbani. Bangladesh kuharisha kulipungua, Kenya na Zimbabwe hakukupungua. Mie ninavyoelewa, pale uchafu unapotoka kila upande, ndoo na sabuni ya mama mmoja haiwezi kushinda kisima cha mtaa mzima. Hakuna mama anayeweza kuhamisha choo cha jirani. Hiyo ni kazi ya shehia, ya baraza la mji, ya serikali, na tusiwaachie wazazi mzigo ambao si wao peke yao.

Virusi vya rota ndo ushahidi mwengine. Vinampata karibu kila mtoto duniani kabla ya miaka 5, hata wa Ulaya mwenye maji ya bomba saa 24, na ndo maana kinga yake ni chanjo. Kwetu Tanzania ilianza kutolewa 2013, matone ya mdomoni wiki ya 6 na wiki ya 10. Kwenye nchi maskini kinga yake ni ndogo kuliko nchi tajiri, inazuia kama nusu ya zile kesi kali, kwaio mtoto aliyechanjwa anaweza bado kuharisha, na hiyo haina maana chanjo ni bure, nusu ya vitanda vya hospitali ambavyo vingelaliwa na watoto wenye rota si kitu kidogo. Na Zanzibar tunajua kinga ya jirani inavyosaidia: 2009 watu wa baadhi ya sehemu za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, wa miaka 2 kwenda juu, na ilipofuatiliwa ikaonekana waliochanjwa walikingwa vizuri na hata wasiochanjwa kwenye mitaa yenye wengi waliochanjwa, walioumwa walikuwa wachache.

Antibayotiki za dukani, nasema haraka: virusi havisikii antibayotiki, na vidonge vya kufunga tumbo asipewe mtoto kabisa. Damu kwenye choo, au daktari akishuku kipindupindu kikali, hapo ndo anaandika yeye.

Usingoje kesho ukiona mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, kalegea hashtuki, macho yamezama, choo kina damu, ana degedege, au yuko chini ya miezi 2. Kibinye kingozi cha tumbo ukiachie, kikichelewa kurudi kikabaki kama hema, chukua gari. Njiani endelea na kijiko.

Baada ya hapo ni chakula, ambacho wengi wanakisahau. Kila kuharisha kunamwacha na uzito pungufu, na aliyekonda anaharisha tena upesi na kwa muda mrefu, kunazunguka hivo hivo mpaka anadumaa. Apewe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Yule wa mdogo wangu siku ya tano choo kilishakaa sawa, na mama ndo aliyekuwa anamfuata binti yake jikoni na kijiko na kile kidonge cha zinki, anamwambia bado siku tano, nesi kasema kumi.